Maswali yenu: Jiwe halina cheti cha kuzaliwa, sasa umri wake mnautoa wapi?

Toleo lililopita tuliweka picha ya Arthur's Seat, kile kilima cha mita 251 kilichokaa katikati ya jiji la Edinburgh kule Uskoti, tukasema kwa mkato tu kwamba ni mabaki ya volkano ya Kipindi cha Kaboniferasi, ya miaka kama milioni 340, na kwamba lava na majivu ya wakati ule yamelala pamoja na mashapo (mchanga na tope lililotuama) ya maziwa na mito. Mistari miwili, basi. Nyie mkatuandikia barua kama vile tumetukana mtu. Nimechagua hizi chache, nyingine zilikuwa zinauliza kitu kilekile, kwa hiyo usipoona ya kwako isome ya mwenzako, jibu utalikuta humo.

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili jiolojia, tumepewa kazi ya kueleza fomesheni moja ya Kaboniferasi yenye lava na majivu vilivyopishana na mawe ya mchanga na chokaa, halafu tuipe umri. Wenzangu wote wamekimbilia umri, wanaulizana maabara gani inapima haraka. Mimi hata daftari sijui naandika nini. Nianzie wapi? (Mwanafunzi aliyebaki nyuma)

Marahaba mwanangu, na hujabaki nyuma, wao ndo wamekimbia njia siyo. Umri ni kitu cha mwisho kwenye kazi hii, tena ukishaieleza fomesheni vizuri nusu ya umri unakuwa umeshaupata bila kuilipia mashine yoyote.

Kwanza fomesheni yenyewe. Ni rundo la matabaka ambalo mtu akifika pale analitambua, anakwambia hapa limeanza na hapa limeishia, na ni kubwa vya kutosha kuchorwa kwenye ramani. Linatambulika kwa mawe yaliyomo, siyo kwa umri wake, na hapo wengi wanachanganya. Lava zikipishana na mashapo unaweza kuziita fomesheni moja halali kabisa hata kama tabaka la chini na la juu yameachana miaka milioni kadhaa, na fomesheni hiyohiyo inaweza kuwa kongwe zaidi upande huu wa bonde kuliko upande ule. Unaipa jina la mahali, unataja sehemu moja inapoonekana vizuri kuliko kwingine kote ili mtu akitaka kukuhakiki aende palepale, na unasema mpaka wa chini uko wapi, wa juu uko wapi, na umeuona kwa kigezo gani.

Sasa fildi. Anza chini panda juu, kwa sababu la chini ndo lilitangulia, isipokuwa kama ardhi imepinduka, na hilo nalo mawe yenyewe yatakwambia, mfano nyufa za tope lililokauka zinafunguka kwa juu na kufungika kwa chini, ukizikuta kinyume jua umesimama kwenye kitu kilichopinduliwa. Pima unene wa kila tabaka kwa tepu, hata la sentimita tatu, hasa la sentimita tatu. Nasema hasa kwa sababu vile vitabaka vyembamba vya udongo wa kijivu au mweupe vilivyobanwa katikati ya makaa ya mawe mara nyingi ni majivu ya volkano yaliyoanguka kwenye kinamasi yakaoza yakawa udongo, Wajerumani waliviita tonstein na jina likabaki hivyohivyo, na ndani yake unaweza kukuta fuwele za kupimia umri ambazo lava kubwa ya mita ishirini pale juu haina hata moja. Kwenye bonde la Donets huko Ukraine vitabaka vya namna hiyo ndo vilivyotumika kuyawekea tarehe makaa ya Kaboniferasi. Mwenye haraka anavikanyaga anapita.

Kabla hujaandika rangi vunja jiwe, maana uso wa nje umeshaliwa na mvua na jua na utakudanganya. Halafu weka lenzi jichoni, sogeza jiwe mpaka lionekane (siyo kusogeza lenzi, watu wote wanakosea hapo). Chembe zikiwa zimeviringika, maji au upepo umezitembeza. Zikiwa na kona kali kama chupa iliyopasuka, hapo kuna uwezekano majivu yalianguka yenyewe kutoka hewani. Na kuna ya tatu, yanayosumbua kuliko yote, majivu yaliyoanguka mlimani halafu mto ukayabeba ukayalaza mahali pengine, ukitazama harakaharaka unaona majivu safi kumbe yamechanganyika na mchanga wa kutoka mbali. Andika kama umeona hivyo, utakuja kunishukuru kwenye swali la zirkoni, ile fuwele ya kupimia umri, huko chini.

Kwenye lava tazama sana juu yake. Gesi inapanda kabla lava haijaganda, kwa hiyo vitundu vinajazana kwa juu, saa nyingine baadaye vimezibwa na madini meupe mpaka jiwe linaonekana lina madoa. Lava ikikaa hewani muda mrefu kabla ya kufunikwa, juu yake kunakuwa na udongo mwekundu, ule ni udongo wa shamba la zamani hizo. Ikimwagika majini inaganda kwa mafungu ya mviringo yaliyolaliana kama mito ya kitandani. Na chini ya makaa ya mawe tafuta mizizi, imebaki palepale ilipoota.

Halafu tenganisha ulichoona na ulichofikiri. Usiandike "lava ya kando ya ziwa". Andika "jiwe jeusi, chembe hazionekani kwa macho, unene mita 2.4, vitundu sentimita 40 za juu, limekalia tope lililoiva likawa gumu na jekundu". Ziwa lako weka ukurasa wa kushoto. Kesho ukigundua ulikosea kuhusu ziwa, ile mita 2.4 bado iko palepale inakusubiri.

Mwalimu samahani kwa swali la kizushi. Kama kipindi chenyewe kinaitwa Kaboniferasi na kimejaa makaa, si mpime kwa kaboni-14 mmalize kazi? (Baba wa watoto wawili, mmoja ndo kaniuliza)

Mpe hongera mtoto. Jina lilitolewa mwaka 1822 na Waingereza wawili, William Conybeare na William Phillips, kwa Kilatini ni kama kusema "chenye kubeba makaa", basi, halihusiani na saa yoyote. Kaboni-14 inapungua nusu kila miaka 5,730, ikifika miaka kama 50,000 iliyobaki ni kidogo mno huwezi kuitegemea. Kaboniferasi imeanza miaka kama milioni 359 iliyopita ikaisha milioni 299. Makaa ya miaka milioni 340 yameshapungua nusu mara elfu hamsini na tisa hivi. Ule mshumaa ulizimika zamani sana, hata moshi hamna.

Habari za kazi mwalimu. Tumebishana na mwenzangu. Kuna mwamba mweusi umelala sambamba kabisa na mashapo, juu mashapo na chini mashapo. Yeye anasema ni lava, kwa hiyo umri wake ndo umri wa mashapo. Mimi nasema siyo lazima. Nani kashinda? (Mbishi wa kudumu)

Wewe, ila mwambie taratibu, maana hilo kosa nimelifanya mimi mwenyewe.

Mwamba wa moto unaweza kulala sambamba na mashapo kwa njia mbili. Ya kwanza ni lava, ilimwagika juu ya ardhi ikaganda, mashapo ya juu yakaja baadaye yakaifunika. Ya pili, magma (mawe yaliyoyeyuka yakiwa bado chini ya ardhi) ilikuja kutoka chini wakati mashapo yote yameshakuwepo, ikajipenyeza katikati ya matabaka mawili kama mtu anayeingiza barua chini ya mlango, hiyo wataalamu wanaiita sili. Kwa mbali zinafanana. Ukizisogelea zinatofautiana mahali pamoja pa muhimu sana, nako ni kule juu. Lava imeunguza tabaka la chini tu, la juu lilikuja ikiwa imeshapoa, tena mara nyingi limeokota vipande vya lava hiyohiyo. Sili imeunguza pande zote mbili, na yenyewe kingo zake zote mbili zina chembe ndogo sana kwa sababu ziliganda ghafla zilipogusa mawe ya baridi, wakati katikati yake chembe ni kubwa.

Sasa palepale Edinburgh, chini ya Arthur's Seat, kuna ukuta wa miamba unaitwa Salisbury Crags. Ni sili. James Hutton, mwanajiolojia wa Uskoti, alikuwa anaishi karibu na hapo, na karne ya 18 watu wengi walikuwa wanaamini miamba hii yote, hata basalti (lava nyeusi iliyoganda), ilitengenezwa na maji ya bahari. Hutton akaonyesha sehemu ambapo mwamba mweusi umeinua kipande cha mashapo, umekibandua kutoka kwa wenzake na kuingia chini yake. Simama pale mbele uangalie, matabaka yanakuja yamenyooka vizuri halafu ghafla kipande kimepinda juu na ule weusi umejaza nafasi. Maji hayafanyi hivyo. Kitu cha moto chenye nguvu kimeingia mahali ambapo mashapo yalishakuwepo, kwa hiyo chenyewe ndo kidogo kwa umri, hata kama kiko chini ya tabaka lingine.

Mimi enzi za uanafunzi nilichukua sampuli kwenye mwamba wa namna hiyo nikaandika kwa herufi kubwa LAVA, sikupanda kwenda kuangalia kingo ya juu kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na kulikuwa na utelezi. Umri ulirudi mzuri, namba safi, mashine haikukosea kitu. Tatizo, kwa umri ule mashapo yenye visukuku (mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe) vinavyojulikana yalionekana machanga kuliko yanavyotakiwa kwa miaka milioni nyingi tu. Msimamizi wangu hakunifokea, aliniuliza swali moja: "Juu ulifika?" Mpaka leo nikiona mvua fildi nalikumbuka.

Kwa hiyo umri wa sili unakwambia mashapo hayawezi kuwa machanga kuliko hapo. Umri wa lava ndo uko karibu na umri wa mashapo yenyewe. Namba inaweza kuwa ileile, maana yake ikawa tofauti kabisa.

Dokta, hiyo zirkoni mnayoitaja kila toleo ni kitu gani na kwa nini tuiamini kuliko kitu kingine? (Mpenda mawe asiye na shahada)

Bila shahada ndo vizuri, huna cha kusahau. Zirkoni ni fuwele ndogo sana, kwenye majivu ya volkano mara nyingi ina urefu wa sehemu moja au mbili za kumi za milimita, ngumu, na inavumilia joto ambalo madini mengine yanayeyuka. Uzuri wake ni tabia moja: ikiwa inajitengeneza ndani ya magma inakubali urani kuingia kwenye umbo lake lakini madini ya risasi inayakataa. Halafu urani inaoza polepole na mwisho wa safari yake ni risasi. Kwa hiyo risasi utakayoikuta ndani karibu yote imezaliwa humohumo, na ukihesabu imezaliwa kiasi gani unajua saa imekuwa ikitembea muda gani.

Na siyo saa moja, ni mbili kwenye fuwele moja, hapo ndo mimi naipendea. Urani-238 inaoza nusu kwa miaka bilioni 4.468 na kuwa risasi-206. Urani-235 inaoza nusu kwa miaka milioni 704 na kuwa risasi-207. Chukua fuwele ya miaka milioni 340. Ya kwanza imepoteza kama asilimia 5 tu, ya pili kama asilimia 28. Ukigawa risasi-206 kwa urani-238 lazima upate kama 0.054, na risasi-207 kwa urani-235 lazima upate kama 0.398. Saa mbili zinatembea mwendo tofauti kabisa na bado zinakupa tarehe moja. Zikitofautiana unajua kuna kitu kimeharibika, mara nyingi risasi imevuja kwenye sehemu za fuwele zilizoumizwa na mionzi yake yenyewe. Siku hizi kwa kazi ya usahihi wa juu fuwele zinachomwa kwanza kwenye nyuzi joto kama 900, halafu zinalowekwa kwenye asidi kali inayokula zile sehemu mbovu tu na kuacha nzima, ndipo zinapimwa.

Ila kuzipata sasa. Unabeba kilo kadhaa za jiwe, unasaga, unachekecha, unapitisha majini ili nyepesi ziondoke, unapitisha sumaku, halafu unazamisha kwenye kimiminika kizito ambamo kwazi, madini ya mchanga wa kawaida, inaelea na zirkoni inazama. Mwisho unabaki na vumbi la kujaza kifuniko cha kalamu, unakaa kwenye darubini na kibano unachagua moja moja, zile ndefu zenye ncha kali na zisizo na kiini cha rangi tofauti katikati. Kiini maana yake fuwele ya zamani iliyomezwa na magma ikavikwa koti jipya, ukiipima yote kwa pamoja unapata umri wa katikati ambao haukutokea kamwe.

Na hapa ndo lile onyo la majivu yaliyobebwa na mto linarudi. Zirkoni haichakai kirahisi, inatoka kwenye mlima mkongwe, inasafiri na mto, inalala kwenye mchanga mpya ikiwa na umri wake uleule. Jiwe la mchanga la Kaboniferasi linaweza kujaa zirkoni za miaka bilioni moja na zaidi. Hizo zinakwambia habari za mlima zilikotoka. Kuhusu mchanga wenyewe ile changa kuliko zote inakwambia kitu kimoja tu, kwamba mchanga huu si mkongwe kuliko mimi. Unaweza kuwa mdogo zaidi, kwa kiasi gani haijui.

Lava yetu ni basalti tupu na tumesaga kilo ishirini hatujapata zirkoni hata ya dawa. Tufanyeje? (Timu iliyochoka)

Poleni, basalti ndivyo ilivyo, zirkoni kwake ni adimu. Hapo mnaenda na potasiamu na agoni. Potasiamu-40 inaoza nusu kwa miaka kama bilioni 1.25, sehemu yake inakuwa gesi ya agoni-40 inayokwama ndani ya fuwele baada ya kupoa. Mtindo wa sasa sampuli inapelekwa kwanza kwenye kinu cha nyuklia, sehemu ya potasiamu inageuzwa kuwa agoni-39, ili zote mbili zipimwe kwenye mashine moja kama gesi, na inapashwa joto hatua kwa hatua. Hatua nyingi mfululizo zikitoa umri mmoja mnafurahi. Zikipanda na kushuka kama ngazi mbovu basi gesi ilivuja. Chagueni madini ya feldspa yaliyo safi, msipeleke jiwe zima lenye vitundu vilivyojazwa vitu vyeupe, vile vimeingia baadaye na vina umri wao, na basalti ya miaka milioni mia tatu na kitu iliyoloweka maji ya ardhini muda wote huo inahitaji mtu wa kuikagua kwa darubini kabla haijapewa imani.

Kama mashine zipo, visukuku vya nini tena? Si mambo ya zamani hayo? (Kijana wa teknolojia)

Mambo ya zamani ndo tunayoyatafuta, mdogo wangu.

Mashine inapima tabaka moja lenye majivu. Kati ya majivu na majivu kuna mita themanini za tope na chokaa zisizo na fuwele yoyote ya maana, nani anazipa tarehe? Visukuku. Kwenye Kaboniferasi watu wanatumia spora za mimea, foraminifera (viumbe vidogo sana vya baharini vyenye ganda), goniatiti (jamaa wa kale wa ngisi, wenye ganda), na hasa konodonti, vitu kama vijino vya milimita moja au chini ya hapo vinavyobaki ukiyeyusha chokaa kwa asidi nyepesi, ile ya kwenye siki. Vinabadilika umbo haraka kadiri miaka inavyokwenda, na aina moja inapatikana nchi nyingi, kwa hiyo ukivikuta vinavyofanana unajua umesimama kwenye ukurasa uleule wa kitabu. Na vina faida ya pili ambayo kwenye miamba yenye volkano ni tamu: vikipashwa joto vinabadilika rangi, kutoka njano hafifu mpaka kahawia mpaka nyeusi. Ukivikuta vyeusi karibu na ule mwamba mweusi halafu mita chache mbali vinaanza kuwa vya njano, nani kamuunguza nani umeshajua.

Kichekesho ni kwamba vijino hivi vilielezwa mara ya kwanza mwaka 1856 na Christian Pander, na kwa zaidi ya miaka mia hakuna aliyejua ni vya mnyama gani. Mnyama mwenyewe akaja kuonekana kwenye kipande cha mwamba wa Kaboniferasi kutoka Granton, palepale Edinburgh, akaelezwa mwaka 1983. Urefu sentimita 4 hivi, kama samaki mkunga mdogo. Kipande kilikuwa kwenye makusanyo muda mrefu tu, kimekaa droo.

Na mfano wa visukuku na mashine kugongana upo, magharibi ya jiji hilohilo, kwenye machimbo ya East Kirkton karibu na Bathgate. Ni chokaa iliyolala ziwani kati ya volkano, imepishana na majivu. Mwaka 1984 mkusanyaji wa visukuku Stan Wood alianza kutoa humo mabaki ya wanyama wa nchi kavu, baadaye akapatikana kiumbe kama mjusi wa sentimita 20 aliyepewa jina Westlothiana lizziae, watu wanamwita Lizzie. Umri uliokuwa unatajwa ni kama miaka milioni 331. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin wakatoa umri wa zirkoni za machimbo yale unaosogeza mpaka kama milioni 346. Tofauti ya miaka milioni kumi na kitu, siyo ndogo, inabadilisha hadithi ya lini wanyama wa miguu minne walizoea nchi kavu. Mimi nauchukua kwa mikono miwili lakini swali langu kwa yeyote anayeusoma ni lile la kwenye jibu la zirkoni: fuwele hizi zilizaliwa na mlipuko uliomwaga majivu juu ya Lizzie, au zilikuwa na umri wao tayari zilipofika ziwani? Hilo halijibiwi na mashine peke yake, linajibiwa na mtu aliyekaa na lenzi mbele ya tabaka.

Kwenye ripoti wanaandika miaka milioni 335.2 ± 0.8. Hiyo nane maana yake hawana uhakika? (Mhasibu)

Kinyume chake, ndo uhakika wenyewe umeandikwa. Mara nyingi wanamaanisha upimaji ukirudiwa kwa njia ileile, kama mara 95 kati ya 100 jibu la kweli litakuwa ndani ya huo upana. Angalia tu kama wamesema ni kosa la mashine peke yake au wameingiza na kosa la mwendo wa kuoza, maana ukilinganisha umri wa urani na wa agoni bila hilo utapigana na kivuli. Na ± haijui kama ulichukua sili ukaiita lava. Kwa hesabu zenu, ni jumla sahihi kwenye akaunti ya mtu mwingine.

Kila mfano Ulaya. Afrika Kaboniferasi hatukuwepo? (Msomaji mwenye hasira kidogo)

Tulikuwepo, ila kwenye barafu. Wakati Uskoti iko karibu na ikweta na vinamasi vyake, kusini mwa Afrika kulifunikwa na barafu nene mwishoni mwa kipindi hicho, na mashapo iliyoyaacha yanaitwa Dwyka, ndo ya chini kabisa kwenye lile rundo la matabaka linaloitwa Karoo. Na majivu yamo! Kule Ganigobis, kusini mwa Namibia, kuna vitabaka vyembamba vya majivu ndani ya mashapo ya Dwyka, zirkoni zake zilitoa umri wa miaka milioni 302 na 299, kila mmoja na kosa la kama milioni tatu. Ona sasa, mpaka kati ya Kaboniferasi na Permi, kipindi kinachofuata, uko kwenye milioni 299, kwa hiyo vitabaka vile vimekaa mlangoni kabisa na kosa la milioni tatu linatosha kukutupa ndani au nje. Makaa ya mawe ya Karoo yetu Afrika Mashariki mengi ni ya Permi, yaani baada ya hapo, msiyaite ya Kaboniferasi kwa sababu tu ni makaa.

Halafu kuna Arthur Holmes, mwanajiolojia Mwingereza. Mwaka 1911, akiwa na miaka 21, alichapisha jedwali la umri wa miamba kwa kupima urani na risasi, wakati hata habari ya isotopu (atomi za kitu kimoja zenye uzito tofauti) ilikuwa haijaeleweka, akaiweka Kaboniferasi kwenye miaka milioni 340. Mwaka huohuo akaenda Msumbiji kutafuta madini, hakupata ya kumtajirisha, akaugua malaria vibaya akarudi kwao. Baadaye sana akawa profesa, Edinburgh.

Nimeambatanisha picha. Jiwe la kijivu lina vipira kama njegere vimejaa humo. Ni mayai ya mjusi wa kale? (Mwenye matumaini)

Picha imetoka na ukungu lakini nina dhana mbili, na mayai hayamo. Lowesha jiwe kwa maji, kata kipira kimoja katikati, weka lenzi. Ukiona duara ndani ya duara kama kitunguu, chembe laini nje na zilizo kubwa kidogo ndani, basi ni majivu yaliyojiviringisha hewani ndani ya wingu lenye unyevu la mlipuko, yakanyesha kama mvua ya mawe, na umesimama kwenye majivu yaliyoanguka yenyewe, tabaka la dhahabu kwa mtu wa zirkoni. Ukiona fuwele nyeupe zinazong'aa zimejaza kishimo mpaka ukingoni, hivyo ni vitundu vya gesi vya lava vilivyojazwa baadaye. Kata vitatu siyo kimoja, piga picha karibu ukiwa umeweka sarafu pembeni tujue ukubwa, na tafadhali andika kilikuwa juu ya nini na chini ya nini ulipokiokota. Kama ulikiokota njiani kimelala tu, niambie hivyohivyo.